Godoro Nililomjaribia Nafula

Wiki iliyopita Nafula alinipigia simu na kuniuliza swali ambalo mtu yeyote angelijibu huku akichambua mchele. "Dada, siku hizi godoro zuri linanunuliwa wapi hapa Kampala?" Binti yake wa kwanza amepata nafasi katika shule ya bweni, na barua ya shule, kama barua zote za aina hiyo tangu enzi zetu, inamtaka kila mwanafunzi aje na godoro lake mwenyewe. Akadhani mtandao umekatika. "Unanisikia?" Nilikuwa namsikia. Ila pua yangu ilikuwa imekwisha kwenda Katwe, mtaa wa mafundi, bila mimi, kwenye harufu ya gundi, matambara na bati lililopashwa moto, na nyonga yangu ya kulia ilikuwa imeanza kuuma mahali ambapo haijaguswa na kitu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tulikuwa tukiishi Namuwongo, kando ya reli, katika vyumba viwili vilivyotetemeka kidogo kila treni ya mizigo ilipopita. Baba alikuwa karani wa ghala. Yeye na Mama walikuwa wametoka Kenya kabla sijazaliwa, na nyumbani tulizungumza Kiswahili, ingawa majirani wengi waliihusisha lugha hiyo na bunduki za wanajeshi na walishusha sauti kidogo walipotusikia. Baba alikuwa na mdogo wake, fundi wa cherehani kule Mengo. Vita vya msituni vilipokwisha watu walianza kurudi majumbani mwao mmoja mmoja, na yeye hakurudi. Mkewe akaenda kwao na hatukupata habari zake tena. Binti yao, Nafula, akaletwa kwetu na kifurushi kimoja cha nguo, na kuanzia siku ile nikawa mtu wa nusu: nusu ya sabuni, nusu ya andazi, nusu ya jina hata, kwa maana hakuna aliyeniita tena peke yangu. Tuliitwa "wasichana". Tulilingana umri, tulilingana darasa, na tuliposimama mgongo kwa mgongo rula ya Baba ililala sawasawa juu ya vichwa vyetu.

Na nusu ya godoro. Lilikuwa la gunia, limejazwa majani makavu ya migomba, na kila mara tulipogeuka lilitoa sauti kama ya mtu anayetembea shambani. Tulilala kichwa changu kwenye miguu yake. Katikati palikuwa na bonde, na aliyesinzia kwanza ndiye aliyeporomoka humo na kumsukuma mwenziwe ukutani. Nafula alisinzia upesi. Nilihesabu hilo pia katika makosa yake.

Ninapenda kuwaambia wanangu kwamba sikumchukia, na ni kweli. Wivu ni kitu kingine kabisa. Nilimpenda Nafula kama mtu anavyoupenda mguu wake, na papo hapo nilizipima kwa macho nyama zote zilizotua kwenye sahani yake. Baba alipomgusa kichwa akipita, nilikaa kusubiri kama nami nitaguswa. Aliponigusa nami, niliona ni kwa ajili ya kusawazisha tu, na mkono wa kusawazisha hauna joto.

Kisha tukafanya mtihani wa darasa la saba. Nafula alifaulu vizuri mno, akapata nafasi katika shule ya wasichana ya bweni ambayo hata majirani walilitamka jina lake polepole. Mimi nilipata shule ya kutwa, Mengo. Baba alitupongeza sote wawili kwa sauti ile ile, kisha akaifungua barua ya Nafula na kuisoma mara tatu. Sanduku la bati. Ndoo. Jembe. Ufagio. Godoro. Barua yangu haikutaka chochote isipokuwa mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa na viatu vyeusi.

Sanduku halikuwa na mjadala. Kila mtu alijua masanduku yanagongwa Katwe. Mjadala ulikuwa juu ya godoro, na ulidumu karibu wiki mbili. Baba alitaka linunuliwe dukani, mjini, yale ya sponji ya kiwandani yenye kitambaa cha maua. "Mtoto wa marehemu hatalala pabaya," alisema, na kila aliposema hivyo alimwangalia Mama, wala si sisi. Mama alijibu kwamba dukani unanunua kitambaa, hujui ndani mna nini, lakini Katwe fundi anakushonea ukimtazama. Jirani yetu Mama Akello, ambaye mumewe alikuwa polisi na ambaye alikuwa na maoni kuhusu kila kitu kilichoingia au kutoka katika ua wetu, alisimama mlangoni na sufuria yake mkononi.

"Nyinyi watu wa Kenya, mnabishana godoro kama watu wanaoza binti! Mimi nalalia mkeka na watoto sita nimezaa."

"Ndiyo sababu wamekuwa sita," Mama akamjibu. "Mngekuwa na godoro mngepata usingizi."

Mama Akello alicheka hata akalazimika kuiweka sufuria chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti nikifikiri jambo moja: kwamba tangu nizaliwe sijawahi kusikia watu wazima wakibishana wiki mbili juu ya mahali ambapo mwili wangu utalala.

Yafaa nieleze jinsi Mama alivyonunua vitu, kwa sababu kila kitu kinategemea hilo. Mama hakuamini macho. Maharage aliyanunua baada ya kuuzamisha mkono kwenye gunia mpaka kwenye kiwiko, akachota ya chini kabisa na kuyaleta juu kwenye mwanga. Kuku alimpapasa kifua chini ya manyoya. Sweta la mtumba aliligeuza ndani nje na kupitisha vidole kwenye kila mshono. Wauzaji wa sokoni walimwita Mama Mkono, na walipomwona anakuja waliyahamisha wenyewe yale yaliyooza, ili wasiaibishwe mbele ya wateja wengine.

Hatimaye Baba alichoka. "Nendeni mkaangalie kote kuwili, mjini na Katwe. Atakayelalia ndiye aseme lipi zuri." Hukumu hiyo ilikuwa ya haki, isipokuwa asubuhi ya safari Nafula aliamka na matumbwitumbwi, mashavu yamevimba kama ameficha viazi. Mama akamfunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini, akarudi nyuma, akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Urefu wenu ni mmoja," alisema. "Utamlalia wewe."

Nafula aliketi kwenye bonde la godoro letu, kitambaa kikiwa na masikio mawili juu ya kichwa kama sungura. Kuongea kulimuuma, kwa hiyo alinivuta mkono ili asipaze sauti. "Chagua kama unachagua lako," alisema.

Duka la mjini lilikuwa na kizingiti cha saruji na harufu ambayo sikuwa nimewahi kuinusa: harufu ya kitu ambacho hakijamilikiwa na mtu. Magodoro yalipangwa yakafika karibu na dari. Mwenye duka, bwana mpole mwenye tai, alishusha moja lenye maua ya buluu, akalitandika juu ya meza ndefu, akanipanguzia vumbi la miguu kwa kitambaa chake mwenyewe. Nililala. Mama akatia mkono chini, kati ya godoro na meza, akaliminya kutoka upande huu na upande ule, akapima upana kwa shubiri zake, akanusa mshono.

Nilitaka nisiinuke. Lile godoro lilinipokea kote kwa wakati mmoja, mabega na kisigino pamoja; halikuuliza chochote, halikupiga kelele. Niliona dari ya duka, mbao zake zilizopakwa rangi nyeupe, na nikafahamu kwa uwazi wa kutisha kwamba Nafula atakitazama kitu kama hiki kila jioni, akiwa amelala hivi, na mimi nitabaki na majani ya migomba. Bonde lote litakuwa langu, bila hata mtu wa kumlaumu.

"Vipi?" Mama aliuliza.

"Linaniuma," nilisema.

"Wapi?"

"Mgongoni. Limekuwa laini mno, mgongo unazama."

Mwenye duka alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba maziwa yana mifupa. Mama aliutoa mkono chini ya godoro. Alifunga mkoba wake, akashukuru, tukatoka.

Katwe tulifika jua likiwa kali, nyundo zikigonga bati kila upande hata ulilazimika kuongea kwa vipindi, kati ya pigo na pigo. Fundi wa magodoro alikuwa na jengo la mabati matatu na watoto pacha waliompa jina, maana kila mtu alimwita Ssalongo, jina ambalo Waganda humpa baba wa pacha. Alikuwa akijaza godoro moja la urefu wetu: vipande vya sponji vilivyokatwakatwa, na chini ya hivyo vitu vingine ambavyo sikuvitambua. Mshono wa upande mmoja ulikuwa bado wazi, na sindano yake kubwa ilining'inia kwenye uzi.

"Nyabo, kalibu! Hii iko ya shule, muzuli kabisa," alisema, akimwita Mama kwa heshima ya Kiganda. "Mutoto alale, alale!"

Nililala. Mara moja kitu kigumu kama ngumi kilinipata kwenye nyonga ya kulia. Nilijisogeza, kingine kikanipata begani. Kutoka kwenye tundu la mshono ilitoka harufu ya matambara yaliyowahi kuloana. Niliyafumba macho yangu, na nikatabasamu kama nilivyowaona watu wakitabasamu kanisani.

"Hili ndilo, Mama. Hili linanibembeleza."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alinitazama kwa muda ambao, nyundo zile zikigonga, ulikuwa na mapigo mengi. Ssalongo, ambaye nadhani alikuwa mtu mwema na alimjua mteja anayependa kupekua, aliushika mshono kwa vidole viwili na kuupanua. "Nyabo, ingiza mukono. Angalia mwenyewe ndani, kabla sijafunga."

Mama alikuwa ameushika mkoba wake tumboni kwa mikono yote miwili.

"Hapana," alisema. "Mtoto amelala, mtoto amesema. Funga."

Moyo wangu uliruka. Nilikuwa nimemdanganya Mama Mkono, mtu ambaye soko zima lilishindwa kumdanganya. Furaha yangu ilikuwa kubwa hata sikushangaa kwa nini ilikuwa rahisi hivyo. Na kwa kuwa godoro la Katwe lilikuwa la bei nafuu kuliko alivyokadiria Baba, tulirudi kwa kupitia kwa wauza viatu, na Mama akaninunulia viatu vyeusi vya ngozi vyenye kifungo, vipya, ambavyo mguu wa mtu mwingine haukuwa umevitangulia. Nilidhani ananilipa kwa kumsindikiza.

Nyumbani, Baba alilikandamiza godoro kwa kidole gumba. "Hili ndilo mlilochagua?" "Mtoto amelala, akasema," Mama alijibu, akaingia jikoni. Macho yote yakanigeukia. Nilisema ndiyo, Baba. Nafula, na mashavu yake, aliliinamia, akalinusa kwa muda mrefu, akaniambia asante. Kisha likaviringishwa, likafungwa kwa kamba ya katani na kusimamishwa pembeni mwa chumba kama mgeni aliyekataa kuketi, maana lilipaswa kufika shuleni likiwa jipya. Na hili ndilo ambalo sijaweza kulieleza vizuri mpaka leo: niliyejua ni mawe matupu, mimi niliyeyalalia, nililionea wivu lilivyosimama pale.

Nafula aliondoka. Nikapata bonde lote. Nililala katikati nikiwa nimetanua mikono na miguu, na nilipogeuka majani yalilia peke yake.

Mwisho wa muhula alirudi na godoro lake kichwani, na halikuwa godoro tena. Vipande vilikuwa vimekimbilia kwenye pembe, na katikati palikuwa na kitambaa kilichokutana na kitambaa. Alitusimulia akicheka, kwa sababu Nafula alijua kusimulia. "Bweni zima wananiita Binti Kokoto. Matroni akikosa mahali pa kunolea kisu anasema nendeni kwenye kitanda cha Nafula." Baba alicheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Mama alisimama, akasema maji yanachemka, akatoka. Na hakukuwa na maji motoni.

Kabla shule haijafunguliwa, Mama alifanya jambo ambalo nililibeba kifuani mwangu kwa miaka mingi kama ushahidi. Yeye na Baba walikuwa na godoro la sponji, pana, walilokuja nalo kutoka Kenya, kitu pekee cha fahari katika nyumba yetu. Mama alilitoa uani mchana, akalilaza juu ya mkeka, akalipima kwa shubiri zake, akachukua kisu cha nyama na kulikata kwa urefu. Mama Akello alipiga kelele kutoka kwenye mlango wake: "Wee! Unachinja godoro?" Mama aliendelea kukata. Nusu moja aliishonea kitambaa kipya kwa ajili ya Nafula, kwa mkono, siku mbili, sindano ikimchoma, na kipande kilichobaki akakiunganisha na yale makokoto ya Katwe kwenye kitanda chake mwenyewe. Alilalia hayo. Asubuhi alitoka chumbani ameshika nyonga ya kulia, na mimi, badala ya kuitambua ile nyonga, nilisema moyoni: tazama anavyompenda.

Siku moja nilishindwa kujizuia. "Na mimi je?" nilimuuliza. "Mimi nalala kwenye majani."

"Wewe una viatu," alisema.

Nililia siku nzima kwa jibu lile. Niliamini kwamba ananiambia ninadai mno. Nilikua, nikasoma, nikafika chuo, nikaolewa, nikazaa wanangu. Na kila Mama alipomkumbatia Nafula uani, kisu kile kilipita tena katika sponji.

Mama ametuacha sasa. Binti huyu wa Nafula anayekwenda bweni ndiye aliyepewa jina la Mama, na hilo pia nimelihesabu.

Basi Jumamosi tulikwenda, Nafula na mimi, kwenye duka moja mjini, kubwa, lenye magodoro yaliyofungwa kwa nailoni. Mtoto hakuwepo. "Yuko kwa kinyozi, ananyolewa nywele za shule," Nafula alisema. "Analia kama amefiwa. Lala wewe, Dada, urefu wenu ni mmoja. Umemzidi upana tu."

Mwanamke wa dukani alicheka. Mimi nilibaki nimesimama. Nilisema, nikitazama nailoni, kwamba kuna jambo nilipaswa kumwambia zamani, kuhusu lile godoro la Katwe, kuhusu siku ya matumbwitumbwi.

"Najua," Nafula alisema.

"Hujui."

"Mama aliniambia. Mwaka ule alipokuwa mgonjwa, nikimkanda miguu. Aliniambia siku ile fundi alimfungulia mshono, akakataa kutia mkono." Alikuwa akilibonyeza godoro, hakuniangalia. "Alisema: mwanangu alidanganya kwa sababu ni mtoto. Mimi nilijua anadanganya, nikamwachia aseme, kwa sababu na mimi nilikuwa nimechoka kusikia habari za mtoto wa marehemu. Nilitaka wangu naye apate kitu kipya."

Viatu vyangu vile vyeusi vilipita mbele yangu vikiwa na kifungo chao. Kumbe tulikuwa wawili pale Katwe, na mwenzangu alikuwa amesimama ameshika mkoba kwa nguvu zake zote ili mkono usimsaliti. Kumbe hakumkatia Nafula godoro lake kwa kumpenda kuliko mimi. Nilipaswa kufarijika. Lakini kilichonijia kwanza, kabla ya faraja, kabla hata ya aibu, kilikuwa kile kile cha zamani: kwamba Mama alikuwa na neno hilo moja la kutoa kabla hajafa, na alimpa Nafula.

"Kwa nini hakuniambia mimi?" nilisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa darasa la saba.

Nafula aliliacha godoro. "Aliogopa ungempenda kidogo," alisema. "Mimi hakuwa na wasiwasi nami." Kisha akanivuta mkono kama alivyonivuta siku ile. "Panda, bwana. Huyu mama anataka kufunga duka. Na leo useme kweli."

Nilivua viatu, nikalala. Mwanamke wa dukani aliniwekea kipande cha nailoni chini ya miguu. Dari ilikuwa nyeupe. Godoro likanipokea kote kwa wakati mmoja, mabega na visigino, na Nafula akatia mkono chini yangu, mpaka kwenye kiwiko, akaminya kutoka upande huu na upande ule, kama Mama.

"Vipi?"

"Zuri," nilisema. "Mchukulie mtoto hili."

Lakini sikuinuka mara moja.